Ngome Zilizotazama Bahari: Mabaki ya Vita katika Ghuba ya Diego Suarez

Ngome hujengwa na hofu. Asiyeogopa kuporwa hajengi ukuta, na asiye na adui baharini haelekezi mzinga baharini. Kwa hiyo anayetaka kujua watu wa zamani waliogopa nini, na hofu yao ilitoka upande gani, hana budi kusimama penye magofu ya ngome zao na kutazama matundu ya mizinga yanaelekea wapi. Jiwe halisemi uongo juu ya jambo hilo. Lakini jiwe lina upungufu mmoja: hueleza hofu ya mtu aliyeamuru lijengwe, wala halielezi fikira ya mtu aliyelibeba kichwani. Upungufu huo ndio unaompa mwanahistoria kazi.

Pwani ya Bahari ya Hindi haikukosa ngome mashuhuri. Ngome ya Mombasa, ambayo Wareno waliiita Fort Jesus, yajulikana kwa kila mwanafunzi. Ziko nyingine, changa kwa umri, ambazo hazitajwi sana: zile zilizotumika katika Vita Kuu ya Pili. Kundi moja kubwa la ngome hizo liko katika ncha ya kaskazini ya Bukini, kama wazee wa Pwani walivyoiita Madagaska, kandokando ya ghuba ya Diego Suarez. Mji wake zamani uliitwa Antsirane. Leo unaitwa Antsiranana. Habari za ngome hizo zinawahusu wasomaji wa Kiswahili, maana hatima ya vita iliyoanzia hapo ilitiwa mkono na askari waliotoka Kenya, Tanganyika na Nyasaland.

Ghuba ya Diego Suarez ni miongoni mwa bandari kubwa za asili duniani. Mlango wake uko upande wa mashariki, nao ni mwembamba, upana wake kama kilomita moja tu; lakini chombo kikishaupita hukuta maji mapana na ya kilindi, yaliyogawanyika katika hori kadha, ambamo kundi zima la manowari laweza kutia nanga bila kuguswa na mawimbi ya bahari kuu. Kusini mwa mlango huo iko rasi ya Orangea. Mji umekaa ndani, juu ya ulimi wa nchi kavu upande wa kusini wa ghuba. Upande wa magharibi, nyuma ya bandari, nchi ni nyembamba kama shingo, na ng'ambo yake ziko ghuba nyingine mbili, Courrier na Ambararata, zenye miamba mingi iliyozama majini.

Wafaransa walipata haki ya kukaa mahali hapo kwa mkataba wa tarehe 17 Desemba 1885, na mwaka 1896 kisiwa kizima kikatangazwa kuwa koloni lao. Gavana wao, Jenerali Joseph Gallieni, aliona kwamba bandari kama ile haifai kuachwa wazi. Mwaka 1898 Ufaransa na Uingereza zilikaribia kupigana kwa ajili ya Fashoda, katika bonde la Nile, na tangu hapo hofu ya Wafaransa katika bahari hii ilikuwa na jina moja: Mwingereza. Mwaka 1900 aliletwa afisa wa uhandisi, Joseph Joffre, ambaye baadaye, mwaka 1914, alikuwa jemadari mkuu wa majeshi ya Ufaransa katika vita vya mto Marne. Kazi aliyopewa Joffre ilikuwa kuigeuza Diego Suarez kuwa boma la bahari. Mizinga ikapandishwa juu ya marasi yanayolinda mlango, kambi zikajengwa, barabara zikachongwa. Upande wa nchi kavu, kusini mwa mji, palikuwa na mstari wa ulinzi uliokuja kujulikana kwa jina la Joffre: mahandaki na shimo pana, pamoja na ngome mbili ndogo, Caimans na Bellevue.

Yafaa kuuliza kazi kama hizo zilifanywa katika nchi ya namna gani. Mwaka 1896 Gallieni alitoa amri kwamba kila mwanamume Mmalagasi mwenye umri wa miaka 16 hadi 60 afanye kazi ya serikali siku 50 kwa mwaka. Amri hiyo ilipofutwa mwaka 1901, kodi ilishika nafasi yake, na mtu asiyekuwa na fedha ya kodi aliilipa kwa nguvu za mwili wake. Ndiyo nchi ambamo mawe ya ghuba ile yalipangwa juu ya mawe. Mstari wa ulinzi ukapewa jina la afisa. Waliouchimba hawakuandikwa popote.

Miaka arobaini ikapita bila adui kutokea, hata vikaja vita ambavyo havikutazamiwa na waliojenga. Mwezi Juni 1940 Ufaransa ilishindwa na Ujerumani, na watawala wa Bukini wakashikamana na serikali ya Vichy, iliyofanya mapatano na mshindi. Mwezi Desemba 1941 Wajapani wakaingia vitani. Tarehe 15 Februari 1942 Singapore ikaanguka. Anguko hilo lilikuwa funzo kubwa juu ya ngome za bahari. Singapore ilikuwa na mizinga mikubwa kabisa ya pwani, lakini adui aliteremka kwa nchi kavu kutoka Malaya. Baadhi ya mizinga hiyo iliweza kugeuzwa na ikapiga upande wa bara, lakini sehemu kubwa ya risasi zake zilitengenezwa kwa kutoboa mbavu za manowari, si kwa kuzuia askari wanaokuja kwa miguu.

Tarehe 5 Aprili Wajapani wakaipiga Colombo, na tarehe 9 Trincomalee. Manowari za Uingereza, chini ya Amirali James Somerville, zikarudi nyuma mpaka Kilindini. Hapo ndipo vita vilipobisha hodi katika pwani ya Waswahili wenyewe. Mombasa ikawa makao ya kundi la manowari la mashariki, na katika jengo la shule ya Allidina Visram wakaketi wataalamu waliofumbua maandishi ya siri ya jeshi la maji la Japani. Hofu ikawa hii: ikiwa Wajapani watapata Diego Suarez, nyambizi zao zitaweza kukata njia ya vyombo vinavyozunguka rasi ya kusini ya Afrika na kupita katika mlango wa Msumbiji kwenda Misri na Bara Hindi. Kwa sababu hiyo Waingereza waliazimia kuitwaa bandari ile kabla hawajatanguliwa. Hofu ya Joffre, iliyolala miaka arobaini, ikatimia. Ila haikuja kwa njia aliyoilinda zaidi.

Jeshi liliongozwa na Amirali Edward Syfret baharini na Jenerali Robert Sturges nchi kavu. Liliondoka Durban mwishoni mwa Aprili, likiwa na manowari kuu Ramillies, manowari mbili za kubeba ndege, na askari wa brigedi tatu pamoja na kikosi cha makomando. Halikwenda mashariki kwenye mlango wa mizinga. Lilifika magharibi, mahali ambapo miamba ya majini ilihesabiwa kuwa ni ulinzi wa kutosha, wala hapakudhaniwa kwamba chombo kikubwa kingethubutu kupita usiku. Wafagiaji wa mabomu ya majini walitangulia, maboya ya taa yakatiwa kuonyesha njia, na alfajiri ya tarehe 5 Mei 1942 askari wakashuka katika ghuba za Courrier na Ambararata. Makomando wakaitwaa mizinga ya pwani ile kabla walinzi hawajapata kuitumia. Huku nyuma, ndege ziliruka kutoka manowari zao zikaupiga uwanja wa ndege na vyombo vilivyokuwa bandarini. Mizinga ya Orangea ilikuwa bado inatazama mashariki, katika bahari iliyo tupu.

Kama habari ingeishia hapo, hukumu ingekuwa rahisi: kwamba ngome ni upumbavu wa mtu aliyefunga mlango na kusahau dirisha. Lakini mambo hayakuwa hivyo. Kutoka ufukoni hadi mjini ulikuwa mwendo wa kilomita kama 30, na mwisho wa mwendo huo Waingereza walikuta mstari wa Joffre. Vifaru vyao 12, vilivyotangulia, vilipata hasara kubwa. Askari wa miguu waliposhambulia asubuhi ya tarehe 6 Mei, walizuiliwa na risasi zilizotoka katika mahandaki na katika ngome za Caimans na Bellevue. Mashimo yaliyochimbwa ardhini, ambayo hayakuwa na fahari ya mizinga ya rasi, ndiyo yaliyosimamisha jeshi la kisasa lenye ndege na vifaru.

Waliokuwa ndani ya mahandaki hayo ni akina nani? Jeshi zima la Vichy katika Bukini lilikadiriwa kuwa watu 8,000, na kati yao kama 6,000 walikuwa Wamalagasi. Wengi wa waliobaki walikuwa Waafrika wa magharibi, waliojulikana kwa jina la Wasenegali. Maafisa wao walikuwa Wafaransa, na mkubwa wa ulinzi wa nchi kavu alikuwa Kanali Édouard Claerebout. Watu hao waliwekwa kulinda bandari ambayo si mali yao, kwa ajili ya serikali ambayo hawakuichagua, iliyokuwa imekwisha shindwa katika nchi yake yenyewe. Walipigana kwa ushujaa. Ushujaa huo haukuwapa hata jina la handaki.

Fundo la vita lilifunguliwa kwa njia ambayo hakuna mhandisi angeikisia. Usiku wa tarehe 6 Mei manowari ndogo iitwayo Anthony, ikiwa imepakia askari 50 wa majini waliotolewa katika Ramillies, chini ya Kapteni Martin Price, ilizunguka kisiwa ikaja mashariki na kuingia kwa kasi katika ule mlango wenyewe uliolindwa. Mizinga ya Orangea, ambayo ilijengwa kwa ajili ya saa kama hiyo, ilipiga. Haikulenga. Anthony ilipita gizani, ikafika gati ya mji, ikawashusha watu wake ng'ambo ya pili ya mstari wa ulinzi, kisha ikageuka na kutoka tena baharini salama. Askari wale 50 walizusha fadhaa kubwa mjini kuliko idadi yao. Walinzi waliokuwa wakitazama kusini wakasikia bunduki mgongoni pao, na mbele yao wakashambuliwa tena usiku uleule. Mstari ukavunjika. Asubuhi ya tarehe 7 Mei Ramillies na wenzake wakaipiga Orangea kwa muda mfupi, na mizinga ya rasi ikasalimu amri.

Hivyo matokeo ya Diego Suarez yalikuwa kinyume cha matazamio yote. Ngome za bahari, zilizogharimiwa zaidi, zilipitwa na chombo kimoja. Mahandaki ya nchi kavu yalishika mpaka yalipoingiliwa kwa nyuma kutoka baharini. Vita ya siku tatu iligharimu Waingereza watu kama 100 waliokufa na karibu 300 waliojeruhiwa. Upande wa pili walikufa kama 150.

Funzo hilo halikumkawia mshindi naye. Waingereza walikuwa sasa ndio wenye Orangea, na manowari zao zilitia nanga ndani ya ghuba zikijiona zi salama. Usiku wa tarehe 30 Mei nyambizi ndogo za Kijapani, za watu wawili wawili, zilifunguliwa na nyambizi kubwa nje ya bahari. Moja ikapenya mlangoni chini ya maji. Ramillies ikapigwa torpido ikaharibika vibaya, na meli ya mafuta British Loyalty ikazama. Mzinga ulio juu ya rasi hauoni kitu kipitacho chini ya mawimbi. Kwa muda usiotimia mwezi mmoja mlango ule ulikuwa umepitwa mara mbili: mara ya kwanza kwa kasi, mara ya pili kwa siri.

Kutwaliwa kwa bandari hakukumaliza vita. Gavana Armand Annet alikataa kusalimu amri, akaendelea kushika sehemu kubwa ya kisiwa. Hapo ndipo walipotokea askari wa Afrika ya Mashariki. Brigedi ya 22 ilikuwa na vikosi vya KAR, jeshi ambalo watu wa Pwani walizoea kuliita Keya: kimoja cha Nyasaland, kimoja cha Kenya na kimoja cha Tanganyika. Waingereza waliposhuka Majunga tarehe 10 Septemba 1942, brigedi hiyo ilishika njia kwenda mji mkuu, Tananarive, uliotwaliwa tarehe 23 mwezi huo, kisha ikateremka kusini. Njiani madaraja yalikuwa yamevunjwa, na miti na mawe yamerundikwa barabarani. Hapakuwa na saruji wala mizinga mikubwa. Ngome ya mwisho ya Vichy ilikuwa barabara mbovu. Tarehe 6 Novemba mapigano yakakoma.

Askari hao walikwenda na lugha yao. Kiswahili cha Keya, ambacho wasomi walikidharau kwa sarufi yake iliyokatwakatwa, kilikuwa kiungo cha watu wa makabila mengi katika jeshi hilo. Wala Kiswahili hakikuwa kigeni kabisa katika Bukini. Majunga na pwani ya kaskazini magharibi zilikuwa kwa karne nyingi makao ya Waantalaotra, wafanya biashara Waislamu waliokuwa na udugu na Wangazija na Waswahili, na lugha ya Kiswahili ilisemwa huko kabla Mfaransa hajaijua njia ya kufika. Babu zao walivuka bahari ile kwa majahazi, kwa hiari, wakitafuta biashara na ndoa. Wajukuu walivuka kwa amri, ndani ya meli za vita, ili kupigana na Waafrika wenzao katika ugomvi wa Wazungu. Baadhi yao hawakurudi. Wamelala katika makaburi ya vita ya Antsiranana, majina yao yamechongwa, wala si wengi katika nchi zao wanaojua kwamba wako huko.

Mwenye nchi alipata nini katika hayo yote? Mwishoni mwa mwaka 1942 Waingereza walikabidhi kisiwa kwa Wafaransa wa Jenerali de Gaulle. Bendera ilibadilika maana, kodi na kazi za lazima hazikubadilika. Tarehe 29 Machi 1947 Wamalagasi wakaasi, na uasi wao ukazimwa kwa mauaji makubwa. Uhuru ulikuja tarehe 26 Juni 1960, lakini jeshi la maji la Ufaransa lilikaa Diego Suarez hata baada ya hapo, mpaka mapatano mapya ya mwaka 1973 yalipolitaka liondoke. Mwaka 1975 mji ukarudishiwa jina la Kimalagasi. Ngome iliyojengwa kumzuia Mwingereza haikumzuia. Lakini ilimweka Mfaransa miaka mingi. Huenda hiyo ndiyo kazi ambayo ngome za kikoloni zilifanya vizuri zaidi: kuzuia mgeni nje kulizishinda, kumzuia mwenyeji ndani ziliweza.

Leo mabaki yangali yapo. Katika rasi ya Orangea na kwenye Cap Miné, karibu na kijiji cha Ramena, kuta za kambi zimesimama bila mapaa, majani yameota katika vyumba vya baruti, na mizinga yenye kutu ingali imeelekeza midomo yake mashariki. Juu ya mlima wa chokaa unaoitwa Montagne des Français magofu mengine yamejificha baina ya mibuyu. Wageni hupita wakienda ufukoni. Hupiga picha, huendelea na safari. Upepo wa kusi na chumvi ya bahari vinaendelea na kazi ambayo mizinga ya Ramillies ilianza.

Wako watakaosema kwamba inafaa kuachwa hivyo, maana hakuna sababu ya mtu kutunza minyororo aliyofungwa nayo. Hoja hiyo si ya kupuuzwa, nayo hupata jibu Mombasa. Ngome ya Mombasa nayo ilijengwa na wageni, kuanzia mwaka 1593. Ilimwagiwa damu nyingi, hasa katika mazingiwa ya mwaka 1696 hadi 1698. Na tangu mwaka 1895 mpaka 1958 ilikuwa gereza. Watu wa mji hawakuwa na sababu ya kuipenda. Lakini ilipokoma kuwa gereza na kufunguliwa kuwa makumbusho mwaka 1962, habari zake zilianza kusimuliwa kwa namna ambayo Mreno, Mwarabu, Mwingereza na mwenyeji kila mmoja ana sehemu yake. Mwaka 2011 ikaingizwa katika orodha ya urithi wa dunia. Jiwe lilikuwa lilelile. Kilichobadilika ni msimulizi.

Kuta za Orangea zinangoja msimulizi wa namna hiyo. Vitabu vya Waingereza husimulia ujasiri wa Anthony, na vya Wafaransa husimulia heshima ya maafisa waliokataa kusalimu amri upesi. Masimulizi yote mawili ni ya kweli, na yote mawili yana pengo moja. Hayana Mmalagasi aliyelipa kodi kwa jasho, wala Msenegali aliyekufa katika handaki la Bellevue, wala askari wa Tanganyika aliyefyeka miti barabarani akielekea kusini. Hao hawakuacha vitabu. Waliacha mashimo ardhini, mawe yaliyopangwa, na makaburi. Mzinga wenye kutu hauwezi kuwataja, kwa kuwa haukuwekwa kwa ajili yao, na macho yake yangali baharini. Anayetaka kuwaona hana budi kuupa mgongo mzinga na kutazama upande wa nchi kavu.